Bonasi Niliyoificha kwa Mama

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Barua ya ofisi ya watoto, imeletwa na chifu mwenyewe, mbele ya Mama! Nelvine, mama ya binti yangu Sally, amenishtaki kutoka Kanada wanakoishi. Sijatuma pesa ya matunzo miezi kumi na minne. Ati nilitia sahihi mkataba wa matunzo. Ni kweli, lakini siku hiyo nilikuwa na haraka. Bonasi ya majani chai inaingia Oktoba, na tayari ina kazi: mashine ya kuangua vifaranga mia tano! Asante Mungu, barua imetangulia bonasi. Nina wakati wa kujipanga.

Jumanne, 2 Septemba
Akili imenijia nikikamua ng'ombe. Nimeenda kiwanda cha chai, nikabadilisha akaunti ya bonasi iwe ya Mama. Karani Obure akauliza kwa nini. Heshima kwa mzazi, nikamwambia. Akapangusa macho! Mama naye akauliza. Nikasema sitaki pesa ipotelee kwa mambo ya ujinga. Akanishika mikono yote miwili akaomba kwa Kipsigis mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 11 Septemba
Ofisini kwa Bi Drusilla, afisa wa watoto. Nilivaa viatu vya mpira, gambuti zilizotoboka, makusudi. Nikamwonyesha akaunti yangu: shilingi mia moja na kumi. Hakubishana. Akanionyesha picha ya Januari. Sally kwenye theluji na jaketi ya mwaka juzi, mikono imechomoza nje kabisa. Akasema baridi ya huko inarudi karibuni, na mtoto amekataa kuongea nami kwa sababu kila mara nilimwambia nitatuma kesho. Sikutaka kuitazama ile picha mara ya pili. Niliitazama.

Jumatatu, 13 Oktoba
Bonasi imeingia! Nikakimbia kwa Mama. Hayuko! Jirani akasema ameenda mjini na akina mama wanne wa kanisa, wote kwa sare. Nikawafuata mbio, nikiulizia sare njiani. Nikawakuta kwa Bi Drusilla, risiti iko mezani. Miezi kumi na minne, yote! Mama ameeleza kwamba mwanawe aliona haya kuleta pesa mwenyewe, ndipo akaipitishia kwake. Akanigeukia: si ulisema isipotelee kwa ujinga? Akina mama wakaimba. Bi Drusilla akanipa mkono. Nikasema asante.

Jumapili, 19 Oktoba
Kanisani nimesimamishwa mbele kama mfano wa baba. Makofi! Nikainua mkono kidogo, kwa unyenyekevu. Mchana Nelvine akapiga simu. Alilia, akanishukuru, akasema alikuwa amekata tamaa na mimi. Kisha akampa Sally. Miezi saba sikuwa nimesikia sauti hiyo! Jaketi mpya ni ya kijani, ina kofia. Akauliza kama kogo yake, yaani bibi, ni mzima. Akasema asante, baba. Nikaenda nyuma ya zizi nikalia kama ndama. Mungu wangu, asante. Kweli kabisa. Sijawahi kununua kitu kizuri hivyo, na sikukinunua mimi.

Jumanne, 21 Oktoba
Bi Drusilla amepiga simu. Anaulizia pesa ya mwezi huu. Kumbe ni kila mwezi! Na yale makofi ya kanisa, hayahesabiki? Sasa pesa ya maziwa iko hatarini, na ile mashine bado iko dukani inaningoja. Lakini mimi si wa kurudia kosa. Akaunti ya Mama, hapana! Nimepata mtu ambaye hakuna ofisi itamshuku: Sally mwenyewe! Naandikisha pesa yote ya maziwa kwa akaunti ya jina lake, kila shilingi, kila mwezi. Nani atamdai mtoto wa miaka tisa? Nelvine atatafuta mpaka achoke! Benki wanataka mtu mzima wa kuisimamia akaunti, na mimi siwezi kuonekana hapo. Nimemwendea Mama. Kabla sijamaliza kueleza, alikuwa ameshafunga kitambaa kichwani na kushika kitambulisho. Asante Mungu kwa mzazi anayeelewa haraka.