Chumba Nambari 6114 na Mapunguzo Yake Matatu

Jumatatu, 3 Februari

Naandika haya kabla hata ya kunywa kahawa.

Asubuhi nilikwenda bwawani kuogelea, kama kila Jumatatu. Royce Tillotson alikuwa tayari majini, amevaa kofia, ananing'inia kwenye ngazi kama nguo iliyoanikwa. Royce ni jirani wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa mwalimu wa hesabu kule Indiana, na tangu ahamie hapa Florida hajaacha kunisahihisha. Bila kuulizwa akasema yeye na mkewe wanapanda meli ya kitalii tarehe 10 Mei kutoka Port Canaveral. Siku saba. Nikamwambia hata sisi, meli hiyohiyo. Akauliza tumepata chumba gani. Nikasema cha dirisha. Akasema wao wana roshani.

Hilo nililimeza. Kisha akasema amelipia kwa pointi za klabu, na mapunguzo yake yote amebaki nayo.

Nilikunywa maji ya bwawa.

Nieleze, maana wajukuu watasoma haya siku moja. Mimi na mke wangu Arvella, kama nusu ya mtaa huu wa wastaafu, ni wanachama wa klabu ya nyumba za likizo. Unalipa kila mwaka, unapewa pointi, unazigeuza siku za kulala katika nyumba zao. Ukizichoka nyumba zao, unaweza kuzigeuza nauli ya meli. Lakini kila mtu anajua: ukitumia pointi, mapunguzo ya meli yanakufa. La wakazi wa Florida, kwaheri. La waliovuka miaka hamsini na tano, kwaheri. La wanajeshi wastaafu, kwaheri. Fahali wawili hawakai zizi moja. Nimelijua hilo miaka kumi na tisa, na nimelitangaza mtaa mzima.

Na Royce amewafunga wote wawili zizini. Nilimuuliza amefanyaje. Akasema, "Fikiri kidogo, jirani," akapiga mbizi.

Jumanne, 4 Februari

Nimemweleza Arvella wakati wa kifungua kinywa. Alikuwa anapaka mkate siagi. Hakushtuka. Mwanamke huyu hashtuki, na hilo peke yake linanishtua.

Alinikumbusha kwamba chumba chetu alikiweka yeye mwenyewe mwezi uliopita, kwa simu, nilipokuwa kwa kinyozi. Nambari 6114. Mapunguzo yote matatu yamo. Lile la jeshi ni lake: alipika miaka minne kwenye jeshi la majini, ndani ya meli iliyotia nanga Norfolk na haikusogea hata mita moja. Malipo ya awali ameshatoa, na yaliyobaki mwisho wake ni tarehe 14. Akasema mambo yote ameyapanga.

"Delmar," akasema, "usifanye chochote."

Huniambia hivyo kila mwaka. Sijawahi kuelewa ana maana gani.

Mwezi Agosti alibadilishwa nyonga. Wiki kumi nilimtazama akienda na kurudi ukumbini na fimbo, akisema ipo siku atatembea juu ya meli inayokwenda mahali. Na mwaka huu tunatimiza miaka arobaini ya ndoa. Nataka mambo yawe kamili. Kamili ni roshani. Kamili ni pointi na mapunguzo, vyote kwa pamoja. Dirisha ni la watu waliokata tamaa.

Alhamisi, 6 Februari

Royce alikwenda kwa daktari wa meno. Nilijitolea kumchukulia barua zake. Ujirani mwema.

Kulikuwa na bahasha kutoka kampuni ya meli. Sikuifungua, mimi si mwizi. Niliiinua tu juani. Niliweza kusoma "Mpendwa Bw. Tillotson" na kipande cha tarehe. Nikarudi nyuma hatua moja ili jua liingie vizuri. Nikakanyaga mpira wa kumwagilia. Nikaanguka chali juu ya maua yake ya okidi, ambayo yalipata zawadi ya pili kwenye maonyesho ya kaunti.

Mkewe, Opal, alikuwa dirishani muda wote. Alitoka na mfuko wa barafu akanipa niweke kiunoni. Hakuuliza swali lolote. Angeuliza ningekuwa na jibu.

Ijumaa, 7 Februari

Leo nimetumia akili. Nimekwenda kwenye kifungua kinywa cha bure cha klabu, kile ambacho ukimaliza pankeki unaletewa muuzaji wa pointi zaidi. Niliapa mwaka juzi sitarudi. Lakini safari hii nilikwenda kama mpelelezi, si kama mteja.

Muuzaji aliitwa Bi. Glenda Voss. Meno meupe mpaka yanaumiza macho. Nilimuuliza moja kwa moja: pointi na mapunguzo, je, vinaunganika? Akasema wanachama wa Daraja la Lulu huunganisha mambo mengi. Nikauliza kama mimi ni Lulu. Akatazama karatasi yake, akasema niko karibu sana.

Nikamweleza kuhusu 6114. Akasema nikitaka klabu inishughulikie, lazima kwanza nifute chumba nilichoweka nje, kisha klabu iweke upya kwa pointi, na ombi langu la mapunguzo litaangaliwa.

Litaangaliwa! Miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kuniambia litaangaliwa. Nimekula pankeki ya nne kwa furaha.

Jumamosi, 8 Februari

Nimefanya.

Arvella alikwenda mazoezi yake ya majini. Nikaingia kwenye akaunti yake ya meli. Nywila ni jina la mbwa wetu wa zamani. Nikabonyeza kufuta. Mashine ikauliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena. Nikaona inanidharau, nikabonyeza kwa nguvu.

Kisha nikapiga simu klabu. Nilisubiri dakika hamsini nikisikiliza kinanda. Akapokea karani mwenye sauti ya upole kabisa, akaniita mzee, akanieleza haya: roshani zimekwisha. Vyumba vya dirisha vimekwisha. Kwa pointi kimebaki kimoja, cha ndani, ghorofa ya chini, karibu na chumba cha kufulia. Bei kamili. Kitakula pointi za mwaka huu na za mwaka kesho.

Nikamuuliza kuhusu ombi langu la mapunguzo. Akasema ameliangalia.

Nikasema nataka kurudi 6114. Akasema hicho hakiko mikononi mwao. Nikafungua ukurasa wa meli. Chumba 6114 kilikuwa kimeshachukuliwa. Dakika hamsini na saba! Nani huyo anayekesha kumvizia mwenzake?

Nikachukua cha ndani. Pointi zikiondoka hazirudi, karani alisema hivyo mara mbili. Nikasema ndiyo. Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Nadhani ni ile sauti yake ya upole.

Arvella alirudi nywele mbichi, akasema leo ameogelea mizunguko minane. Nikampongeza. Habari ya chumba sikumwambia.

Jumatatu, 10 Februari

Amejua. Kampuni ya meli ilimtumia taarifa kwamba chumba chake kimefutwa kwa ombi lake mwenyewe. Alisimama mlangoni na simu mkononi, akauliza kama nina lolote la kumwambia. Nikaanza na Royce bwawani. Nikapitia bahasha, okidi, pankeki, Lulu. Nilizungumza nusu saa nzima. Alisikiliza yote amesimama, na kwa nyonga ile kusimama si jambo dogo.

Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu, kama chumba hiki kipya kina dirisha. Nikasema hapana, lakini kina picha ya dirisha.

Akaingia chumba cha kushonea, akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga polepole, mpaka kitasa kikalia.

Jumanne, 11 Februari

Siku ya mshtuko mkubwa kuliko yote. Hata ankara yangu ya kwanza ya klabu haikunishtua hivi.

Nilivuka barabara kumwomba Royce radhi kwa okidi, na pia, kusema kweli, nijue siri yake, kwani sasa ilikuwa haina madhara. Alinikaribisha kibarazani. Opal akaleta chai ya barafu. Royce akanieleza kwa sauti ya darasani.

Hakuna siri, alisema. Huiombi klabu ikuwekee chumba. Unaweka mwenyewe, kwa kampuni ya meli, na mapunguzo yako yote, na unatoa malipo ya awali. Kisha unapeleka fomu klabu, wao wanalipa kilichobaki kwa pointi kabla ya siku ya mwisho. Klabu haiweki, inalipa tu. Kwa hiyo mapunguzo hayaguswi. Kosa pekee unaloweza kufanya ni kufuta chumba na kuanza upya.

Nikamwambia yeye ni mjanja kweli.

"Si mimi," akasema. "Ni Arvella. Alitufundisha kwenye bingo, mimi na Opal. Ninyi si ndivyo mlivyofanya?"

Nikaweka glasi chini. Nilikosa meza.

Nimerudi nyumbani. Kwenye sanduku la barua kulikuwa na barua ya klabu kwa jina la Arvella. Wanasikitika kwamba fomu yake ya kulipia chumba 6114 kwa pointi, iliyopokelewa tarehe 27 Januari na kukubaliwa, imeshindikana, kwa kuwa chumba hicho hakipo tena.

Iliyokubaliwa. Pointi na mapunguzo yote matatu, vyote vilikuwamo. Nilikuwa navyo, jamani. Nilikuwa navyo muda wote.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya wapendanao. Nimemnunulia waridi kumi na mbili, kwa bei kamili, bila kuuliza punguzo. Nilitaka aone.

Alizitia kwenye chombo cha maji, akanikalisha mezani. Kumbe tangu Jumatatu hakuwa analia mle chumba cha kushonea. Alikuwa kwenye simu. Kampuni ya meli imempatia chumba kingine, nambari 7020, kwa jina lake na mapunguzo yake yote matatu, na cha kwake kina dirisha la kweli. Pointi hazipo tena, kwa hiyo amelipa kwa fedha zake za pensheni. Asubuhi hii amemaliza.

Nikasema Mungu ni mwema, tumeokoka. Akasema chumba kina vitanda viwili na cha pili amempa Maxine. Maxine alipika naye kule Norfolk. Nikauliza na mimi je? Akasema mimi nina chumba.

Nikacheka kidogo. Hakucheka.

"Mume wangu," akasema, "mimi nilitaka kusafiri na wewe. Wewe ulitaka kusafiri na pointi. Sasa kila mtu atasafiri na alichokitaka."

Miaka arobaini. Sijawahi kumsikia akitunga sentensi ndefu namna hiyo bila kuniomba nimpitishie chumvi.

Jumamosi, 10 Mei

Tumepanda meli. Chumba changu ni kidogo kuliko bafu la nyumbani. Picha ya dirisha ni ya milima yenye theluji. Mashine za kufulia zinazunguka ukutani, na kitanda kinazunguka nazo.

Jioni nilipanda juu. Arvella alikuwa anatembea kandokando ya reli, bila fimbo, Maxine nyuma yake hatua mbili. Ufuo wa Florida ulikuwa umebaki mstari tu. Alitembea kutoka mbele ya meli mpaka nyuma, akageuka, akarudi. Nilimhesabia moyoni kila hatua. Sikumwita. Nilisimama nyuma ya meza ya taulo mpaka alipomaliza, na macho yangu yaliingiwa na upepo.

Roshani ya Royce inaonekana kutoka hapo. Alinipungia mkono.

Ijumaa, 16 Mei

Siku ya mwisho baharini. Imetokea ambalo sikulitarajia. Mchana Arvella alikuja kukaa kwenye kiti kando yangu. Alinishika mkono. Akasema siku sita na Maxine zimetosha, Maxine anakoroma kuliko mimi, na mwakani anataka chumba kimoja, yeye na mimi. Asubuhi amekwenda kaunta ya meli, amekiweka: tarehe 9 Mei, na cha roshani! Mapunguzo yote yamo, na la nne wanalowapa waliomo melini leo. Fomu ya klabu ameshaijaza.

Nilimwapia, mkono juu ya nyonga yake mpya, kwamba sitafuta, sitabonyeza, sitapiga simu. Nimekoma. Mtu mzima anajua alipofika. Akanibusu shavuni akaenda kulala kidogo.

Nikaingia kwenye beseni la maji moto kusherehekea. Mle mlikuwa na bwana mmoja wa mji wa Dayton, mwanachama wa klabu yetu, Daraja la Lulu. Anasema chumba kilichowekwa asubuhi, ukikifuta siku hiyohiyo na kukiweka upya kabla kaunta haijafungwa, kompyuta inakuona kama mteja mpya, nawe unapata vinywaji vya bure safari nzima. Yeye mwenyewe hajafanya. Shemeji yake amefanya.

Vinywaji vya bure, siku saba, watu wawili. Arvella ataduwaa.

Kaunta inafungwa saa kumi na moja. Nikikaza mwendo nitawahi.