Bwana Pwani Awapeleka Watoto Baharini

Jumatatu, 2 Juni 1975. Kibondo.

Shule zimefungwa. Balaa limefunguliwa.

Tunu, binti yangu mkubwa, miaka kumi na mmoja, amerudi na kazi ya likizo: aandike insha juu ya safari. Akasimama katikati ya duka langu, wateja wamejaa, akatangaza kwamba ataandika juu ya safari ya baharini. Kwa nini? Kwa sababu baba yake ni mtu wa Bagamoyo, na kila mwaka anaahidi kuwapeleka. Wateja wakanigeukia wote. Nikasema bila shaka! Mwezi huu huu! Ulimi hauna mfupa.

Niandike ukweli hapa, maana daftari halina mdomo. Kibondo nzima inaniita Bwana Pwani. Kofia ya viua, kanzu ya Ijumaa, kahawa chungu, "yakhe" kila baada ya maneno mawili. Msikitini nina nafasi yangu mkeka wa mbele. Maulidi hayaanzi mpaka nikohoe. Watoto wangu wananitazama kama mtu aliyezaliwa ndani ya wimbi. Bahari yenyewe sijaiona. Ni jambo dogo. Hata Makka tunaielekea kila siku na wengi hatujaiona.

Mke wangu Adija ameuliza kwa upole kama bahari imehamia karibu. Nikaendelea kupanga sabuni.

Jumatano, 4 Juni.

Nimeazima ramani ya Tunu, nikapima kwa uzi. Kutoka Kibondo hadi baharini uzi ulivuka meza ukaning'inia. Kutoka Kibondo hadi Ziwa Tanganyika, pale Kigoma, ni kama ukucha. Nikafikiri sana. Bahari imepakwa buluu. Ziwa limepakwa buluu. Buluu ile ile! Kama mchora ramani hakuona tofauti, mimi ni nani?

Mpango umekamilika kabla chai haijapoa. Felisiani dereva ana Pijo, gari la mizigo, na Jumamosi ya wiki ijayo anapeleka maharage Kigoma. Tutapanda. Tutaondoka alfajiri, watoto wasinzie, wasihesabu masaa. Ukungu wa kiangazi utaficha milima ya Zaire ng'ambo. Michikichi ya Kigoma nitaiita minazi. Kisha barabara ya kando ya ziwa hadi Ujiji, mawimbi, mchanga, upepo. Mandhari ya pwani, hakuna atakayedai zaidi.

Limebaki tatizo la chumvi. Tunu anajua maji ya bahari yana chumvi, amesoma. Lakini mimi nauza nini dukani? Chumvi ya Uvinza! Nitaingia majini wa kwanza na kata, chumvi imetangulia ndani ya kata, nichote, kila mtoto aonje. Kweli Mungu hamtupi mja wake.

Felisiani ni Mha wa Kasulu, mtu wa adabu sana. Hajawahi kumpita mtu barabarani bila kusimama kumwamkia. Tabia nzuri kwa dereva.

Jumamosi, 7 Juni.

Reverien ameanza. Huyu ni fundi cherehani wa baraza la pili, mkimbizi kutoka Burundi, mwaka wa tatu sasa. Anasema kwao alikuwa mkuu wa shule. Akikasirika huisemesha cherehani Kifaransa. Leo ameniuliza mbele ya watu, maji ya bahari yakipwa huwa yanakwenda wapi. Nikasema inategemea, yakhe. Akauliza inategemea nini. Nikasema hiyo nayo inategemea.

Hakukoma. Akaomba bintiye Kezia, anayesoma na Tunu, afuatane nasi aione bahari. Na amletee maji kwenye chupa ya soda, kwani yeye maskini hajapata kuyaonja. Alitabasamu meno yote. Mpelelezi kabisa! Watu wanasikiliza. Nikasema karibu sana, mtoto wako ni mtoto wangu.

Chumvi niongeze.

Jumatano, 11 Juni.

Mazoezi ya kata, nyuma ya nyumba, na karai la maji. Mara ya kwanza chumvi haikuyeyuka. Mara ya pili nimeonja mwenyewe nikaona nyota mchana. Adija alikuja, akatazama kata, akatazama karai, akauliza kama naunga mboga. Nikamwambia ni dawa ya miguu.

Hatari imebaki moja, nayo nimeshaipima. Watu wangu. Niwe wazi: wako milimani, mbele ya Kasulu, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka barabara kuu. Nilitoka huko kijana, nikamtumikia mfanyabiashara wa Ujiji, nikavaa kofia, na tangu hapo sijarudi. Kiha sikijui tena. Mteja akiniongelesha Kiha namjibu "ati nini, yakhe?" Tutapita chini, wao wako juu. Nimefikiria kila kitu.

Jumamosi, 14 Juni. Kigoma, nyumba ya wageni.

Sikufikiria kila kitu.

Mwanzo ulikuwa mwema. Adija na Asia mdogo mbele na Felisiani, mimi nyuma juu ya magunia na Tunu, Kezia na Tamimu. Tamimu ana miaka minane na tumbo la miaka miwili. Alitapika ndani ya kofia yangu ya viua. Nikafunga kilemba. Nikawaeleza watoto kwamba wakiona vumbi jekundu wajue pwani inakaribia. Tunu akasema mwalimu anasema hadi baharini ni siku kadhaa kwa treni. Nikamwambia treni husimama kila stesheni. Sisi hatusimami.

Kasulu tukaipita salama. Halafu nikaona nyumba.

Nyumba! Safu kwa safu, barabarani pande zote, mahali ambapo zamani palikuwa na nyasi na nyani. Nikauliza ni mji gani huu. Felisiani akajibu kwa fahari kwamba ni vijiji vipya, wananchi wote wa milimani wameteremshwa kando ya barabara.

Operesheni! Niliisahau! Na mimi nilikuwapo kwenye mkutano wa kuiunga mkono. Nilisimama, nikapiga makofi kuliko wote, nikapaza sauti kwamba wananchi wahamie barabarani. Sikujiuliza wananchi gani. Walikuwa wangu!

Felisiani akapunguza mwendo. Mzee wa kwanza, akasimama, akamwamkia: yeye, nyumba yake, ng'ombe wake, mvua yake. Mzee wa pili, vilevile. Nikajifunika kilemba usoni. Wa tatu alikuwa bibi mwenye jembe begani. Alizunguka gari, akachungulia juu ya magunia, akanikazia macho.

"Mwakeye," akaniamkia kwa Kiha.

Nilikuwa na jibu tayari: ati nini, yakhe? Limo humu kinywani miaka yote. Lakini mikono haikuningoja. Viganja vikakutana, vikapiga makofi taratibu, yale ya heshima, kama tulivyofundishwa kabla ya kujua kutembea. Magoti yakanishusha garini, yakanikunja vumbini. Mdomo ukajibu wenyewe: "Mwakeye, shangazi."

Shangazi akatupa jembe akapiga kelele: "Ndihokubwayo! Ni Ndihokubwayo wetu!"

Kijiji kizima kikatoka. Hilo ndilo jina langu la kuzaliwa. Sasa lilikuwa likipita nyumba hadi nyumba. Baba wadogo. Binamu. Mtu ninayedaiwa kumtupa mtoni tukichunga mbuzi. Kila mmoja aliamkia mwanzo hadi mwisho, na kila mmoja nilimjibu kwa makofi, magoti chini, mbele ya watoto wangu wanne, macho yamewatoka. Samahani, watatu. Wa nne ni wa Reverien, na macho yake ndiyo yaliyokuwa makubwa zaidi.

Tukalishwa ugali wa muhogo na maharage. Shangazi akawapakata Asia na Kezia pamoja, akasema wote ni wa nyumba hii. Halafu akauliza, bila ukali, mwanawe amemletea nini baada ya miaka yote hii. Nikapapasa mifuko. Sikuwa na kitu. Adija akafungua mkoba wangu, akatoa mfuko wa chumvi ya Uvinza, akampa kwa mikono miwili. Chumvi yangu yote! Shangazi akalia. Akasema mtu aliyeleta chumvi hakusahau kwao. Nami nikaomba maji, nadhani ugali ulikuwa mkavu.

Jambo moja linanisumbua. Adija aliongea Kiha na ndugu zangu mchana kutwa. Hakuonekana kushangaa hata kidogo.

Tukarudi garini. Kisha Tunu akauliza Ndihokubwayo ni nani. Nikamweleza kwamba ni jina la heshima ambalo watu wa huku huwapa wageni wa kutoka pwani. Akaitikia haraka mno.

Nilijifanya nimelala, nikamsikia Kezia akinong'ona kwamba hata kwao yako mambo ya namna hiyo. Baba yake hakuwa mkuu wa shule. Alikuwa akimpikia mkuu wa shule. Hii nimeihifadhi.

Jumapili, 15 Juni. Kigoma.

Niliwaleta ufukweni asubuhi. Nikanyoosha mkono nikasema, bahari hiyo. Sauti haikutoka vizuri.

Watoto wakakimbia wakaingia na nguo. Ukungu ulitimiza ahadi, ng'ambo haikuonekana. Michikichi ilijitahidi. Lakini Asia akakinga maji kwa kiganja, akanywa, akapiga kelele kwamba ni matamu. Mama mmoja aliyekuwa anafua akacheka, akatukaribisha Tanganyika. Nikakohoa. Lakini kikohozi kinafunika kiasi gani? Kezia alikuwa ameshajaza chupa ya baba yake. Nikajiona mdogo kuliko Asia. Niliona mkeka wa mbele ukikunjwa. Hilo ningelivumilia. Kilichonishinda ni kumtazama Tunu.

Akaja mwenyewe, mikono inachuruzika. Akalamba kidole. Akanitazama muda mrefu.

"Ina chumvi," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa yule mama.

Akamgeukia Kezia. Kezia akalamba chake, akafikiri kama daktari. Akasema ina chumvi sana.

Nilitaka kulia. Niliwaambia ni upepo wa pwani, una mchanga.

Baadaye Tunu akamwomba mama yake chumvi kidogo aliyokuwa ameifunga kwenye karatasi, ya kulia mayai ya safarini. Mayai yalikwisha jana. Watoto wa siku hizi wanalamba chumvi tupu.

Jumatatu, 16 Juni. Kwa shangazi.

Felisiani asingepita bila kusimama kuamkia, hata kwa bunduki. Tumelala hapa. Watoto wamefundishwa kuamkia. Tamimu anapiga makofi vizuri kuliko mimi, na hajatapika tangu asubuhi. Viganja vyangu vinawaka moto. Nimelala usingizi mzito kuliko wa Kibondo. Sijui kwa nini naandika hilo.

Jumanne, 17 Juni. Kibondo.

Ushindi!

Reverien alikusanya baraza zima. Akanyanyua chupa, akaitikisa, akatangaza kwamba sasa tutajua. Akapiga funda kubwa la mtu mwenye uhakika. Macho yakamtoka. Akakohoa, akapaliwa, akaitemea suruali ya karani aliyokuwa anaishona. Akasema "pardon, pardon," akaomba maji ya mtungi, kisha akanipa mkono mbele ya wote akaniita Mesie Pwani. Kezia na Tunu walikuwa wanatazama paa.

Nikamwambia Reverien asijali, hayo ni ya ukingoni tu, ya katikati ni makali zaidi. Nilikuwa na lile la mpishi ulimini. Nikalimeza. Mimi ni muungwana. Tena linaweza kufaa siku nyingine.

Nimetafakari jambo hili kitaalamu. Sikutia chumvi. Chumvi iko kwa shangazi. Maji yamekuwa ya chumvi. Basi Ziwa Tanganyika lina chumvi, angalau upande ule niliosimama mimi. Wataalamu hawakufika pale. Na kama maji yana chumvi, mimi ni mtu wa pwani, na sikupata kusema uongo siku hata moja.

Ijumaa, 20 Juni.

Msikitini leo nimesogezewa mto. Mkeka wa mbele na mto! Baada ya swala mzee mmoja ameuliza, baada ya bahari Bwana Pwani atawaonyesha watoto nini. Nikasema Kilimanjaro. Akauliza kama naujua. Nikasema tumezoeana.

Mpango umekamilika kabla ya kufika nyumbani. Kuna mlima mbele ya Kasulu, mrefu, una baridi ya kutosha asubuhi. Theluji ni nini? Kitu cheupe juu ya mlima. Nitatangulia na gunia la unga, ninyunyize kileleni kabla watoto hawajafika. Na safari hii hakuna hatari ya ndugu. Kule juu hakuna mtu, wote wameteremshwa barabarani. Adija amesema kiangazi shangazi na wenzake hupanda tena kule kule kulima mashamba yao ya zamani. Wanawake hukatisha tamaa. Nimefikiria kila kitu.

Tunu amepita sasa hivi, ameniona nasogeza magunia. Ameuliza tutumie unga wa mahindi au wa muhogo. Nimemwambia sijui anaongea nini, akalale.

Wa muhogo. Ni mweupe zaidi.