Godoro Nyuma ya Ngoma

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeamua. Mimi ndiye nitakayeketi nyuma ya ngoma siku ya uzinduzi. Si Mureithi.

Niandike mambo kwa utaratibu. Bendi yetu, Kokoto, hupiga muziki wa roki hapa Kayole. Adhiambo ndiye mwimbaji, mpiga gita na kiongozi. Leo ametangaza kwamba wimbo wetu mpya, "Maji ya Jumanne", utarekodiwa kwa ngoma za tabaka mbili. Mimi nitapiga kwanza. Kisha Mureithi atavaa hedifoni, asikilize nilivyopiga, naye apige juu yangu. Juu yangu! Kijana aliyejifunzia ngoma kanisani, anayenisalimu "Niaje, mzee" kana kwamba tulitiwa jandoni pamoja.

Nikauliza nani atapiga jukwaani siku ya kuuzindua wimbo huo, maana ukumbi una nafasi ya seti moja tu ya ngoma. Adhiambo akajibu kwamba ataketi yule ambaye ngoma zake zitatawala kwenye rekodi.

Mke wangu Kalekye amekwisha kualika kwaya nzima ya akina mama. Amemwalika pia kaka yake, Mutie, ambaye husema kwamba napiga ngoma kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye sukuma wiki. Kushindwa mbele ya Mutie? Haiwezekani.

Jumanne, 5 Agosti 2025

Nimerekodi. Studio ya Kadar ni chumba cha nyuma katika duka la magodoro la mjomba wake, Wehliye. Duka halina ghala. Magodoro huegemezwa kwenye kuta za studio mpaka yapate wanunuzi. Mjomba amepata ghala, mpwa amepata kuta zinazomeza mwangwi.

Tulikatizwa mara moja. Bomba lilianza kukoroma, na Kadar akaniacha na hedifoni kichwani akaenda kujaza mitungi ya plastiki. Sikumlaumu. Maji ya bomba hutujia siku hiyo tu; Jumanne ni Jumanne.

Aliporudi alinitaka nipige tena vilevile, juu ya nilichokwisha kupiga, ili sauti inenepe. Nikapiga. Tukasikiliza. Ilikuwa kama watu wawili wanaoshuka ngazi, mmoja wao mlevi. Kadar akasema, "Mzee, moja inatosha."

Hiyo moja ni safi, ila ni kavu. Tuf, tuf, tuf. Nilimweleza kwamba hiyo ni sauti ya heshima. Akasema ni magodoro tu. Yakiondoka, ngoma hunguruma ovyo chumba kizima. Akaongeza kwamba Mureithi atarekodi Ijumaa.

Yakiondoka! Sijalala. Nawaza.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Mpango ni rahisi. Magodoro yauzwe yote kabla ya Ijumaa. Mureithi apige katika chumba kitupu. Angurume ovyo. Adhiambo azibe masikio.

Nilianza na Opicho, mlinzi wa lango la ploti yetu. Nilikaa kitandani mwake nikazama mpaka mbao. Nikamwambia ukweli: godoro lile lilikufa zamani, na yeye analala na marehemu. Alishtuka sana. Kabla ya saa sita alikuwa amebeba godoro jipya kichwani, akiwaeleza watu njiani habari za marehemu. Wengine watatu wakamfuata dukani.

Wehliye aliniagizia chai ya viungo. Akaniuliza kama nimewahi kufanya biashara. Nikamjibu kwamba mimi ni msanii.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Nilihudhuria mazoezi ya kwaya ya Kalekye. Nikaomba dakika mbili. Nikazungumza juu ya mgongo: mgongo ndio nguzo ya sifa, na asiyelala vizuri hawezi kuimba sauti ya kwanza. Mama mmoja alitokwa na machozi. Alasiri walikuja dukani na mkokoteni, wakaimba wakipakia.

Kufikia jioni kuta zilikuwa tupu. Rangi ya ukuta ni ya kijani. Sikuwahi kujua.

Wehliye alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema nina ulimi wa asali, niache ngoma nikauze magodoro kwake. Nilimsamehe. Nikamuuliza tu mzigo mpya utafika lini. Kesho jioni, akasema. Vizuri sana. Mureithi anarekodi asubuhi.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Siku mbaya.

Nilifika mapema nikachagua kiti cha kutazama maangamizi. Mureithi akavaa hedifoni. Akapiga. Sauti iligonga ukuta, ikarudi, ikagonga ukuta wa pili, ikanigonga mimi. Nikatabasamu. Nikamtazama Adhiambo nikimngoja azibe masikio.

Adhiambo alisimama juu ya kiti akapiga kelele, "Hiyo! Hiyo ndiyo!" Alisema ni kama Kayole nzima inakimbilia bomba na mitungi mikononi. Alisema roki inataka chumba kinachojibu. Alimkumbatia Kadar na kumuuliza alipata wapi fikra ya kuondoa magodoro. Kadar alisema hajui, yameondoka tu.

Kisha wakaweka ngoma za Mureithi juu ya zangu. Zake zilijaza chumba. Zangu zilikuwa chini kama jiwe lililowekwa kutuliza tangi. Mureithi akanijia na kusema, kwa adabu kabisa, "Shukran kwa msingi, mzee." Msingi! Msingi huzikwa.

Adhiambo amenipa mpaka kesho nirekodi upya kama nataka. Nataka! Chumba kitupu ni changu pia.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Chumba si kitupu. Mzigo uliingia jana jioni kama ilivyoahidiwa. Wehliye, kwa kuona biashara ilivyochangamka, aliagiza mara mbili. Magodoro yamepangwa matabaka kuta zote, mengine yamefungwa darini kwa kamba. Nilipiga. Ilisikika kama mtu anayepiga unga wa chapati kwa ngumi.

Nikabadili mbinu. Nikamwambia Kadar anirekodi kipande kipande, tabaka juu ya tabaka: kwanza ngoma ya mguu, halafu ngoma ndogo, halafu matoazi. Mtu mmoja, mikono minane. Nikazidi kunenepa na kuzidi kuchelewa. Kwa hasira nilichukua mtungi mtupu wa Jumanne, nikaupiga kama tabaka la mwisho. Ko! Ko-ko!

Adhiambo alikuwa mlangoni. Akasema hilo libaki. Nikauliza, yote? Akasema, mtungi tu.

Uamuzi: Mureithi ataketi kwenye ngoma. Mimi nitasimama kando na mtungi. Kalekye bado hajui.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Uzinduzi. Ukumbi ulijaa. Kwaya ya akina mama ilikaa mbele, Mutie katikati yao.

Wimbo ulianza na mtungi peke yake. Ko! Ko-ko! Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi, kisha wakasimama. Halafu Mureithi akaingia na ngoma na mtungi haukusikika tena. Nilipiga hadi mwisho. Mtu na afanye kazi yake.

Baadaye akina mama walinizunguka kunishukuru. Nikawaambia ilikuwa kazi ngumu. Wakasema hapana, ni kwa ajili ya magodoro, migongo imepona. Hakuna aliyetaja muziki. Mutie ndiye aliyeutaja. Alisema nimeendelea: zamani nilifukuza mbuzi, sasa nawapelekea maji. Kalekye alicheka mpaka akashika nguzo.

Wehliye alirudia ombi lake. Kazi ya kudumu, kiti changu mwenyewe dukani, chai kila saa nne. Nilikataa. Sina muda wa mambo madogo.

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Habari njema! Adhiambo amesema Ijumaa tutarekodi wimbo mwingine. Ngoma za tabaka mbili tena, na utaratibu ni uleule: atakayetawala kwenye rekodi ndiye atakayeketi.

Tena, Mureithi amelalamika kwamba mgongo unamuuma. Kwa huruma nilimpeleka kwa Wehliye mwenyewe. Nikamsifia magodoro mazito kwa ufasaha ambao sijawahi kuufikia. Kijana alalaye vizuri huchelewa kuamka, na Ijumaa asubuhi mimi nitakuwa mlangoni na vijiti vyangu.

Alitaka moja. Nikamshawishi achukue na la mama yake, na ya dada zake, na ya wenzake wa kanisani. Tulilazimika kuyatoa yale manene yaliyojaa ukuta wote nyuma ya ngoma. Nilimsaidia kuyabeba mimi mwenyewe, mpaka ule ukuta wa kijani ukaonekana tena.