Barua ya Bibi Arusi Asiyefunuliwa

Jumatatu, 6 Julai 2009. Gitega

Leo sina raha. Siku ya tatu ya ndoa! Ningepaswa kuwa naimba tu.

Zaituni, jirani yetu hapa Nyamugari, alikuja kwenye uzio asubuhi akaninong'oneza: "We mke wa kocha, mi nimesikia iko kocha moja atapelekwa Muyinga kufundisha watoto. Ni Manase wako ao Kasiano. Karatasi itabandikwa ku biro ya timu Jumapili."

Karatasi ya majina! Nilikulia kambi ya wakimbizi, Tanzania. Nazijua karatasi hizo. Asubuhi unasoma jina lako, jioni uko juu ya lori na godoro lako.

Manase wangu! Kambini alikuwa winga. Akikimbia, vumbi linabaki nyuma likimtafuta. Tuliporudi nchini, timu ya Gitega ikamchukua. Misimu mitatu, kisha goti. Sasa anafundisha vijana na timu ya akiba. Leo kapanga vikombe vya chai mezani kunionyesha mfumo wake. Kikombe chenye ua kikawa katikati. Akasema huyo ni mimi, kila mpira lazima upite kwangu. Nilitaka kulia. Nikalia.

Jumanne, 7 Julai

Siwezi kutoka. Mama mkwe, Mama Emerensiana, ameshasema: bibi arusi havuki uzio mpaka gutwikurura, yaani Jumapili, watu wetu watakapokuja kutoka Mutaho na pombe na vikapu kunifunua.

Na Anisia, mke wa Kasiano, anavuka uzio wowote anaotaka! Kaonekana akimpelekea mke wa prezida wa timu maandazi. Ya moto. Chini ya kitambaa cheupe.

Naogopa. Huu ni mlango wangu wa kwanza wenye kufuli maishani. Sitaki kuufunga nikiwa peke yangu ndani.

Nikakaanga maandazi yangu. Mama mkwe akayapenda. Akayala yote.

Alhamisi, 9 Julai

Nimepata njia! Barua!

Anisia hakufika kidato chochote. Mimi ninacho cha nne. Nimeiandika kwa prezida kama tulivyofundishwa shule ya kambini: anwani kulia, kichwa cha habari kimepigiwa mstari, "kwa heshima na taadhima". Nimejifanya Mashabiki wa Nyamugari. Nimemsifu Manase sawasawa. Watoto wanamfuata kama vifaranga. Hana makuu. Anaweza kuishi kwa maharage matupu. Kiswahili chake ni safi, na vijana waliorudi kutoka Tanzania wanamwelewa kuliko wanavyowaelewa baba zao. Mwisho: "Ndimi wako mtiifu katika ujenzi wa taifa."

Muyinga sikuitaja hata mara moja, wasije wakashuku. Akili hiyo!

Zaituni aliificha ndani ya kitenge akaipeleka biro. Anasema karani amezoea barua za Kifaransa. Aliigeuzageuza, kisha akaita wenzake waje kuitazama. Dalili njema.

Ijumaa, 10 Julai

Manase karudi. Anasema prezida alikuja mazoezini, akamtazama muda mrefu, akatabasamu. Nikamwambia huo ni upendo.

Jumapili, 12 Julai

Mungu wangu.

Watu wetu walifika. Baba yangu, Mzee Sebastiani, kavaa koti la shemeji yake. Mimi nimeketi kwenye mkeka, nimefunikwa kitambaa. Prezida wa timu naye akaja! Hakubandika karatasi. Alikuja nayo mfukoni.

Hotuba zikaenda. Zamu yake ikafika. Akasimama, akatoa barua yangu, akaisoma yote, mpaka ujenzi wa taifa. Akasema tangu aingie katika mpira hajaona barua kama hiyo. Kwenye karatasi alikuwa amemwandika Kasiano. Lakini Muyinga imejaa vijana waliorudi kutoka Tanzania. Kunatakiwa mtu asiye na makuu, anayeweza kuishi kwa maharage, mwenye Kiswahili safi. Mashabiki wenyewe wamempa jibu! Kocha Manase aondoke Jumanne.

Makofi! Vigelegele! Vya Anisia vilikuwa juu kuliko vyote.

Nikalia chini ya kitambaa, tena kwa sauti. Shangazi Jeska, aliyekuwa ubavuni pangu, akaninong'oneza kwa fahari: "Lia, mwanangu, lia hivyo hivyo! Wasiseme hatukukufunza adabu."

Jumatano, 15 Julai

Kaondoka jana. Huko nyumba hana bado, hivyo nabaki na mama yake.

Kabla ya kupanda gari alisema amefikiri sana. Mashabiki wa Nyamugari wanaojua kwamba anakula maharage bila kunung'unika ni wawili tu, na mama yake hajui kuandika. Nikaangalia viatu vyangu. Hakunigombeza. Mwanaume gani huyu! Alinikumbatia mbele ya watu, akaniapisha: hakuna barua tena. Nikaapa. Kikombe chenye ua kakifunga ndani ya jezi yake, kaondoka nacho.

Nimefunga mlango kwa kufuli. Nimeufungua. Nimeufunga tena.

Lakini kosa langu nimeliona. Sifa zilizidi! Na kiapo kilikuwa cha barua za sifa, nadhani. Kwa hiyo leo nimeandika nyingine kwa prezida, kutoka kwa Wazazi wa Muyinga. Nimemponda kabisa. Mkali, mlafi, mchelewaji, goti bovu, watoto wanamkimbia. Wakiisoma watamrudisha Gitega mbio!

Zaituni kakataa kuibeba. Anasema, "We dada, mi kichwa inaniuma." Si kitu. Nimeshafunuliwa, navuka uzio mwenyewe. Mlangoni pa biro nilimkuta Anisia, amemletea prezida chai. Akaipokea barua kwa mikono miwili, akaniita dada, akaahidi kuifikisha yeye mwenyewe. Kumbe ana roho nzuri!

Usiogope, Manase wangu. Na kama hawatakuwa wamekurudisha, kabla Julai haijaisha nitakuja mwenyewe Muyinga kukuona. Niwekee kikombe changu katikati.