Wastani wa Kuku Wasiokuwepo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nduguti. Wiki ya mwisho ya kupima kuku wa utafiti. Nusu ya kaya zinalisha pumba mpya yenye dawa, nusu pumba ya kawaida. Kuku wengi hawaonekani! Nimemwamkia Mama Amne shikamoo, akasema wake wameisha, nijiendee. Sikuuliza wameishaje. Jua kali. Mwenzangu Sixbert akimkosa kuku anaacha pengo kwenye fomu, kisha anazunguka kutafuta sababu. Mjinga! Mimi nimechukua wastani wa waliopo, kilo moja na robo, nikawajazia wote wasiokuwepo. Mchana nikala ugali na mlenda kwa raha zangu.

Jumatano, 11 Juni

Daktari Febronia, mkuu wetu, kanisifu mbele ya watu. Takwimu kamili, hazina pengo! Sixbert kanuna. Furaha ikakatika palepale: kwa matokeo haya mazuri, pumba mpya itagawiwa hadi Misigiri. Misigiri! Kwa mama yangu! Kuku wake ndio wanaomsomesha mdogo wangu. Nikakimbilia kwa Mama Amne kuuliza nilichoruka. Kumbe kuku wake walikula pumba ile, wakasinzia, wakafa. Kwa majirani zake vilevile.

Alhamisi, 12 Juni

Nimempigia mama asipokee pumba. Hakunisikiliza. Keshawaandikisha majirani wote, maana kazi ni ya mwanawe! Nikiri kwa Daktari? Nitafukuzwa. Nisikiri? Nitaua kuku wa kijiji kizima. Halafu jioni habari mbaya zaidi: Daktari anakwenda kesho kwa Mama Amne kupima upya.

Ijumaa, 13 Juni

Mpango: ninunue kuku mnadani, niwaachie uani kwa Mama Amne kabla Daktari hajafika. Nimechelewa! Kanikuta na tenga mkononi, jogoo mmoja kichwani kwangu.

Mama Amne kawatazama, akasema, “Mwanangu, hawa si wangu. Wangu nimewazika nyuma ya zizi.”

Daktari kaniuliza imekuwaje kuku wote wa Mama Amne walingane uzito kwenye takwimu zangu. Nikajibu kuku wa Singida wana nidhamu. Hakucheka. Mapengo ya Sixbert, alisema, karibu yote yako kwa waliokula pumba mpya. Kuku hawakupotea kwa bahati mbaya tu. Kutokuwepo kwao ndiko kulikokuwa jibu. Pengo lenye sababu lingefanyiwa hesabu, na mashaka yake yangeonekana. Mimi nililiziba, nikawafufua maiti wakanenepa!

Papo hapo akapiga simu kuzuia ugawaji. Kuku wa mama yangu wamenusurika.

Jumapili, 15 Juni

Sikufukuzwa! Onyo kali, kisha Rungwa, kupima asali ya mizinga, chini ya Sixbert. Aibu! Ibadani nimetafakari kwa unyenyekevu, mahubiri yote yamenipita. Kosa langu nimeliona waziwazi: namba zilifanana. Rungwa mizinga iko porini, mingine haifikiki bila kukutana na tembo. Safari hii sirudii upumbavu. Kila mzinga nitaupa uzito wake wa peke yake, hata ule nisioufikia.