Risala Niliyomsomea Daktari wa Meno

Jamani, leo nimeaibika, na nimeaibika nikiwa nimevaa tai. Nipo hapa maabara ya kompyuta ya chuo ninachosoma sasa, naandika masikio bado yana moto. Someni taratibu, na nyie mnaopenda kusambaza barua za watu (mnajijua), hii iacheni hapa hapa kwenye listi yetu ya barua pepe.

Mnajua naomba kuingia chuo cha udaktari wa meno. Maombi lazima niyatie posta Jumatatu, na yanadai vitu viwili: barua ya daktari anayenifahamu, na ile insha ya kujieleza, personal statement, ambamo unasimulia kazi zako za kujitolea. Kazi ninayo. Kila Jumamosi nipo kliniki ya bure, kwenye besimenti, chini ya kanisa moja la kitongoji cha Richfield, huku ughaibuni. Nawatafsiria wagonjwa wanaojua Kiswahili, na nashika kimpira cha kunyonya mate. (Msidharau. Bila kimpira mgonjwa anapaliwa.)

Barua nimemwomba Daktari Linda, mmoja wa madaktari wanaopokezana zamu pale. Mama mpole, ila hana mzaha na kazi. Akaniambia, "Nitakuandikia, lakini kwanza nione umejielezaje."

Basi juzi nikakaa kuandika. Taabu ni kwamba hawa wenzetu wanataka ujisifu. Mimi, mimi, mimi, ukurasa mzima. Kila nikiandika "mimi nilisaidia," namwona mama yangu kule Moshi akiuliza huyu mtoto kalelewa na nani. Halafu kuna jingine. Tangu darasa la tano, kila alipokuja mgeni rasmi shuleni kwetu, msoma risala nilikuwa mimi. Nikiambiwa nieleze kazi ya watu mbele ya mkubwa, mkono unajiandikia wenyewe. Na uliandika kweli, Kiingereza kimenyooka, hadi nikajipongeza kwa chai.

Leo asubuhi nikampitia Mama Upendo kwake, kitongoji cha Crystal. Huyu ni mama wa Kitanzania anayepokea wagonjwa pale kliniki na kuwapikia watu chai. Alipoingia tu kwenye gari akaiona tai.

"Kuna harusi?"

"Leo nampa daktari insha yangu, Mama. Ya kuombea chuo."

"Mungu akusimamie, mwanangu," akasema, akafunga mkanda.

Mgonjwa wa mwisho alipoondoka, nikamsogelea Linda na karatasi yangu. Alikuwa anaosha vifaa, glavu mikononi. "Nisomee tu," akasema, "nasikiliza." Hapo mtu mwenye akili angesema utaisoma nyumbani. Mimi nikafunga vifungo vya koti, nikaenda katikati ya chumba, nikashika karatasi kwa mikono miwili, nikakohoa kidogo.

"Ndugu mgeni rasmi," nikaanza, kwa Kiingereza.

Linda akageuka kuangalia nani ameingia.

"Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kujitolea wa kliniki hii, na kwa niaba yangu binafsi, tunayo furaha isiyo na kifani kuwa nawe siku ya leo."

Sasa, Kiingereza cha Mama Upendo ni kile cha kuombea maji. Lakini risala hata uisome kwa Kichina, Mtanzania ataijua tu. Akaweka birika chini, akasimama wima. Nikamaliza historia fupi ya kliniki, akapiga makofi. Nikamaliza mafanikio, akapiga makofi. Linda naye akapiga, glavu zinachuruzika maji, maana hakujua afanye nini kingine. Na mimi nikishapigiwa makofi sishikiki. Nikaingia kwenye matatizo. Kutoka kwenye matatizo nikaingia kwenye maombi.

"Hivyo basi, ndugu mgeni rasmi, kwa heshima na taadhima tunakuomba utusaidie hita ya chumba cha kusubiria, mapazia, pamoja na vikombe."

(Ndiyo. Chuo cha udaktari wa meno nilikuwa nakiomba vikombe.)

Nikamtakia mgeni rasmi safari njema ya kurudi nyumbani, nikamwendea polepole, nikamkabidhi karatasi huku nimeinama. Mama Upendo akashindwa kujizuia, akapiga vigelegele.

Besimenti ile haina hata dirisha. Vigelegele vilizunguka mle ndani vikatafuta njia, vikapanda ngazi hadi kanisani, ambako mchungaji alikuwa anapanga viti. Akashuka mbio na kizima moto mikononi, anauliza nani ameumia.

"Hakuna," akasema Linda. "Gasper ananisomea maombi yake ya chuo."

Mchungaji akaniangalia, akaiangalia tai, akakaa. Hakuondoka. Angeondoka aende wapi, wakati mambo ndiyo kwanza yameanza?

Linda akaisoma karatasi upya, mwanzo hadi mwisho. "Imeandikwa vizuri," akasema. "Lakini wewe uko wapi humu? Nimekutafuta tangu juu. Kliniki naiona. Hita naiona. Wewe sikuoni, na mtu nisiyemwona siwezi kumwandikia barua."

Jumatatu ni keshokutwa.

"Anasemaje?" akauliza Mama Upendo.

"Anasema sijajitaja."

"Basi mwambie ile siku uliyozimia."

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali ya nini? Nakutetea."

Wapendwa, hii habari nilikuwa nimeizika. Ilitokea zamu ya daktari mwingine, na nilimbembeleza Mama Upendo isije ikamfikia Linda. Na leo kaisimulia mwenyewe, kwa kile kile Kiingereza cha kuombea maji, na pale maneno yalipomwishia akaigiza. Alikuwapo mzee mmoja Msomali, Kiswahili amekipatia Mombasa, anaogopa sindano kupita kiasi. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Mzee, usiangalie kule, niangalie mimi." Mzee akatii. Aliyeangalia kule ni mimi. Jino likatoka, na mimi nikaenda chini na kimpira changu. Ilibidi mzee wa watu ashuke kwenye kiti nilazwe mimi. Nilipofumbua macho nikamkuta amesimama pembeni, pamba mdomoni, ananipepea kwa gazeti na kuniambia, "Usiogope, kijana, kumekwisha."

Mama Upendo alimaliza akiwa amelala sakafuni. Ndivyo nilivyolala mimi, alitaka daktari apate picha kamili.

Mchungaji alicheka hadi kizima moto kikamponyoka. Linda hakucheka. Akavua glavu, moja, kisha ya pili, nami nikajua barua imekwenda na maji.

"Jumamosi iliyofuata ulikuja?" akaniuliza.

"Nilikuja."

"Kwa nini?"

"Mzee alikuwa amebakiza jino jingine bovu," nikasema. "Alisema bila yule kijana anayeanguka, hafungui mdomo."

"Ukaanguka tena?"

"Hapana. Safari hiyo nilimshika mkono nikiwa nimeshakaa sakafuni."

Hapo ndipo alipocheka, na akacheka hadi akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Kisha akanirudishia risala yangu. "Niandikie hiyo," akasema. "Uniletee kesho, nami nitakupa barua. Na maombi yenu nimeyapokea. Hita ninayo moja gereji, nitaileta Jumamosi."

Nikamtafsiria Mama Upendo.

"Unaona?" akasema, akijipangusa vumbi. "Risala nzuri lazima ijibiwe."

Kwa hiyo nipo hapa kwenye kompyuta, naandika kwa Kiingereza jinsi mimi, mimi mwenyewe, nilivyozimia. Anayetaka kucheka acheke leo. Siku moja mtakuja kulala kwenye kiti changu midomo wazi, na hapo wa kucheka nitakuwa mimi.