Laptop Yangu na Baridi ya Chome

Jumatatu, 13 Februari 2006

Leo Mama ametoa hukumu. Ameitoa huku anapepeta mchele, bila hata kunitazama. Mwezi huu ukiisha sijapata kazi, naenda Kihurio kwa Mjomba Gregori kupandikiza mpunga. Amesema soko huria limeleta simu, mitumba na kompyuta, lakini halijaleta mtu wa kunilisha mimi na ndevu zangu. Mimi! Abednego! Maji magotini, ruba wananinyonya!

Sina wasiwasi. Mzee Melkizedeki, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi ya Same, anafungua chumba cha gemu. Vijana watakuja kucheza mpira wa kwenye kompyuta. Anatafuta kijana mwenye mashine yake awe msimamizi. Tuko wawili tunaoitaka kazi hiyo, mimi na Raymond. Jumamosi ya tarehe ishirini na tano kila mmoja apeleke mashine yake, Mzee aone ipi inafaa.

Raymond ni mtoto wa wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Ana kompyuta ya mezani, zee, kubwa kama kabati. Mimi nina laptop. Nilibadilishana na fundi wa machimbo ya jasi Makanya, nikampa baiskeli yangu na redio ya marehemu Baba. (Mama anadhani redio iko kwa fundi. Na kweli iko kwa fundi.)

Kazi ni yangu.

Jumanne, 14 Februari

Kuna tatizo dogo. Gemu inakwamakwama. Mshambuliaji anapiga shuti, picha inaganda, ikija kuzinduka mpira uko kwa adui. Laptop yangu si mbaya, ila ni ya daraja la kati. Si ya tajiri, si ya maskini, kama mwalimu wa sekondari.

Nimekaa intaneti kafe mpaka mgao ukatukatia umeme. Kabla hatujakatiwa nimegundua siri mbili. Ya kwanza ni draiva, yaani ile programu inayoiongoza kadi ya picha. Nimeshusha draiva ya kadi kubwa, ya kompyuta za wenye nazo. Najua kadi yangu ni ndogo. Lakini ukimvika karani koti la mkuu wa wilaya, si atatembea kama mkuu wa wilaya?

Ya pili, kuna programu ya kupandisha mwendo wa kadi yenyewe. Kumbe kiwandani wanaubana makusudi, ili ukanunue nyingine! Wahuni wakubwa. Kuna kishale kwenye skrini. Ukikivuta kulia, mwendo unapanda. Pembeni wameandika onyo kwa rangi nyekundu. Hilo ni la waoga.

Alhamisi, 16 Februari

Nimevuta kishale mpaka mwisho. Weee! Wachezaji wamekimbia kama ng'ombe walioona maji. Nimepata raha kidogo, halafu feni ikaanza kulia, laptop ikachemka, ikazima. Pu! Nimejaribu tena. Pu! Joto la Same mwezi huu halina adabu. Hata mbuzi wa jirani wanashinda chini ya gari bovu.

Nimelowesha kanga ya Mama, nikaitandika chini ya laptop. Kanga imekauka, kisha imeungua. Hatuongei.

Raymond amepita, eti anasalimia. Ameona kila kitu. Amenishauri nirudishe draiva ya zamani na nipunguze ubora wa picha. Niondoe nyasi nzuri, niondoe watazamaji, gemu itakwenda bila kukwama. Yeye ndivyo alivyofanya. Eti kwake uwanja hauna mtazamaji hata mmoja! Nimecheka mpaka nikapaliwa. Mpira usio na watazamaji ni mazoezi. Nimemwambia asante sana kaka, na moyoni nimemwambia aende zake.

Ijumaa, 17 Februari

Nimepata! Tatizo si mashine. Tatizo ni Same.

Mashine inataka baridi, na baridi iko juu mlimani, Chome, kwa Shangazi Eliaichi, ambako watu wanajifunika blanketi hata Februari. Bahati iliyoje, Mzee Melkizedeki naye kwao ni Chome, na nyumbani kwake ana jenereta. Nimemfuata dukani. Nimemwamkia kwa adabu zote, mikono nyuma. Nikamweleza kwamba kwa mgao huu, siku ya mashindano tutakaa hapa mjini tukitazamana. Kwa nini tusifanyie nyumbani, Chome, na wazee wetu wakaona maendeleo? Amekubali palepale. Amesema kumbe nina akili.

Na raha nyingine ni kwamba Raymond itabidi alipandishe lile kabati lake mlimani kwenye gari la mizigo. Leo nimekula vizuri.

Jumatano, 22 Februari, Chome

Nimefika. Ukungu, migomba, baridi inayong'ata masikio. Shangazi amenikumbatia, akanipa makande ya moto, akasema nimekonda kwa sababu ya mjini.

Nimefungua laptop dirishani, nikavuta kishale mpaka mwisho. Jamani! Gemu inateleza! Watazamaji wanaonekana mpaka meno. Feni kimya. Nimefunga magoli mpaka machozi yakanilengalenga. Shangazi ameuliza wale watu wadogo wanagombania nini. Nimezima kutunza betri, maana hapa kwake hakuna umeme.

Baada ya chakula Shangazi amesema kesho kuna msaragambo. Kijiji kizima kinakwenda kuzibua mfereji wa ndiva, bwawa letu la maji ya kumwagilia mashamba. Yeye kwa umri wake amesamehewa, lakini nyumba yenye mwanamume mzima ndani haijasamehewa. Nimemwambia mimi ni mgeni. Amesema kitovu changu kimezikwa nyuma ya jiko lake.

Alhamisi, 23 Februari

Mbiu imelia mapema. Nimeisikia. Nimejifunika.

Mtaalamu hashiki jembe siku mbili kabla ya shughuli, vidole vinakakamaa. Watu wamepita na majembe na sururu, wanaitana kwa Chasu, Kipare chetu, wanacheka. Nimefunga mlango nikacheza. Nimeshinda mechi zote.

Saa tano mlango umegongwa. Kamati ya msaragambo! Mbele Mzee Eliezeri, mwenyekiti, matope mpaka magotini. Sheria ni ileile ya tangu babu zetu. Asiyetokea kazini, kitu kinachukuliwa nyumbani mpaka aende akamalize sehemu yake. Mara nyingi wanachukua kuku, au sufuria. Shangazi akasema kuku ni wake, sufuria ni zake, na yeye hana kosa. Halafu, shangazi yangu wa damu, dada wa baba yangu, akanyoosha kidole kwenye laptop!

Nimelalamika kwamba kile ni kitu cha kitaalamu, hakitaki mikikimikiki. Mzee Eliezeri amenituliza. Amesema nisihofu, atakiweka mahali salama kuliko pote nyumbani kwake. Ameondoka nacho kwapani, anapita anasalimia watu nyumba hadi nyumba.

Ijumaa, 24 Februari

Nimechimba. Sehemu waliyonibakizia ni ndefu kuliko haki. Viganja vyote malengelenge. Kesho nitachezaje?

Saa sita nikamwona mtu anashuka kilimani na jembe begani. Raymond! Kumbe alifika jana asubuhi, kabati lake limezungushiwa godoro. Aliposhuka garini akakuta watu mferejini, akavua viatu, akaingia majini. Mtu wa Nyumba ya Mungu! Hana hata ukoo hapa! Na aliwaletea samaki wakavu. Sasa wazee wote wanamwita mwanangu, na wamama wanamuuliza kama ameoa. Leo amekuja kunisaidia nimalize. Mnafiki. Nimemwachia upande wenye mawe.

Tulipomaliza nikaenda mbio kwa Mzee Eliezeri kudai mali yangu. Mahali salama kuliko pote! Juu ya jiko! Kwenye dari la jikoni wanapotunza mahindi ya mbegu, moshi unapanda kutwa kucha ili wadudu wasiingie. Laptop yangu imelala katikati ya mahindi, nyeusi tii, ina joto kama chungu. Mimi niliyeipandisha mlimani ipate baridi! Mzee amejisifu kwamba hakuna mdudu atakayeigusa mpaka mavuno yajayo. Nimesema asante. Ningesema nini? Ni mzee.

Jumamosi, 25 Februari

Uani kwa Mzee Melkizedeki. Kijiji chote kimekuja, hata kwaya. Jenereta inanguruma.

Raymond ameanza. Uwanja mtupu, nyasi kama rangi ya mlango, wachezaji wana mabega ya pembe nne. Lakini mpira unakwenda, haukwami. Watu wamepiga makofi ya heshima. Kwa kweli nilimhurumia.

Zamu yangu. Laptop imewaka! Inanuka nyama ya kukausha, lakini imewaka! Nimevuta kishale mpaka mwisho. Watazamaji, bendera, jua, kila kitu! Watu wameinuka kwenye viti. Nimemtazama Raymond hivi, kwa jicho la pembeni.

Halafu golikipa akapotea kichwa. Mabeki wakafuata. Refa akabaki miguu peke yake, inakimbia. Wamama wa kwaya wakaanza kukemea kwa jina la Yesu, Shangazi akiwaongoza. Uwanja ukageuka zambarau, ndani kukawa kunalia kama maharage yanayochemka, na pu! Safari hii pamoja na moshi.

Mzee Melkizedeki amempa kazi Raymond. Nimeomba kwa heshima kujua sababu, maana kwa mwendo nilimzidi, kila mtu ameona. Mzee amesema mambo ya mwendo hayaelewi na golikipa hakumtazama. Yeye anaogopa wezi. Juzi alimwona Mzee Eliezeri anazunguka na laptop yangu kwapani kijiji kizima, akajua kitu kama kile chumbani kwake hakimalizi wiki. Lile la Raymond mwizi atalifanya nini?

Nimekwenda nyuma ya migomba nikalia. Sioni aibu kuandika. Kihurio, ruba, basi.

Jumatatu, 27 Februari, Same

Siamini! Raymond amekuja nyumbani. Amemwomba Mzee Melkizedeki anichukue niwe msaidizi wake, kwa kuwa vijana wananizoea haraka na nina maneno mengi. Mzee amekubali kwa sharti moja. Nisiguse ndani ya mashine, wala draiva. Niwapokee watu tu, niwashe, nizime.

Mama amenishika mikono yote miwili. Amesema basi, Kihurio tena hakuna. Amecheka na kulia kwa pamoja, sijamwona hivyo tangu tulipomzika Baba. Nimemwapia kwa jina la Baba kwamba sitagusa. Amenipikia wali na kuku mzima. Kumbe Raymond ni mtu wa watu. Nilikuwa namwonea tu.

Jumapili, 5 Machi, Kihurio

Kwanza, ndani sikugusa. Kishale kiko kwenye skrini, na skrini iko nje. Mtu yeyote mwenye haki ataliona hilo.

Raymond alikwenda Nyumba ya Mungu kumwona mama yake. Vijana walitaka watazamaji. Nikawawekea watazamaji, sasa lile kabati likaelemewa, nikalipandisha mwendo kidogo lisaidike. Na moto wenyewe ulikuwa mdogo, uliishia kwenye pazia.

Raymond hakunitukana. Alirudi, akakaa kwenye kiti mbele ya mashine yake, akaweka mkono juu yake. Afadhali angenitukana. Mama naye alinifungia nguo zangu kwenye mfuko. Nilimwambia kwaheri Mama. Alikuwa anatazama dirishani.

Joto la Same ndilo lenye makosa, nimewaeleza wote.

Hapa nimepandikiza mpunga toka juzi na mgongo sio wangu tena. Ruba wapo, kama nilivyosema. Maji yanavutwa kutoka mtoni kwa pampu ya Mjomba Gregori, na majirani wote wanaitegemea hiyohiyo. Inavuta polepole, inakera! Mjomba anasema iko hivyo tangu ainunue na haijamsumbua hata siku moja. Leo nimeichunguza kwa makini. Kando ya injini kuna springi ndogo inayouzuia mwendo. Ni kiwandani wameibana, makusudi kabisa. Halafu hapa si kama kwenye kompyuta. Hapa maji ya kupoza yapo tele, yamejaa mto mzima!

Mjomba ameenda ibadani, atarudi saa saba. Muda unatosha.